Kupanga betri na nyaya za muziki mkubwa wa gari: ampea kwanza, sabufa baadaye

Kila mwaka minada ya korosho ikichanganya, kuanzia Oktoba kuelekea Desemba, gereji hapa Mtwara hubadilika sura. Watu wa Tandahimba, Newala na Nanyamba wanalipwa fedha zao, na baadhi yao huja na jambo walilolisubiri miezi mingi: gari lenye muziki unaosikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Wengine wanalitaka kwa kazi, yaani gari la matangazo, la kusindikiza harusi, la kwenda nalo kwenye ngoma za unyago vijijini. Mtu anafika na sabufa mbili za inchi 12, amplifaya bado iko kwenye nailoni yake, na waya aliopewa dukani kama nyongeza. Nikimuuliza altaneta yake, yaani ile mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, ni ya ampea ngapi, anageuka kumtazama dereva wake.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa fundi kijana atakayepewa kazi hiyo. Muziki mkubwa wa gari ni kazi ya umeme kabla haijawa kazi ya sauti. Fedha ya sabufa ya pili ingekwenda kwenye waya mnene na altaneta, sabufa moja ingepiga kuliko mbili.

Hatua ya 1: Tafuta wati za kweli, kisha zigeuze ziwe ampea

Usiamini namba kubwa iliyochapwa juu ya amplifaya. Tafuta kwenye karatasi yake namba yenye alama ya RMS, ndiyo wati inazoweza kutoa mfululizo. Karatasi ikiwa haipo, geuza amplifaya utazame fyuzi zake. Nimewahi kushika amplifaya iliyoandikwa wati 5000, ubavuni ina fyuzi mbili za ampea 30. Jumla ampea 60. Zidisha kwa volti 13.5 unapata wati 810 zinazoingia, na kwa kuwa amplifaya ya aina ya D (Class D) hupoteza kama asilimia 20 kwa joto, zinazotoka ni kama 650. Hizo 5000 hazipo popote ndani ya boksi lile.

Sasa hesabu ya kwenda mbele. Chukua wati za RMS, gawanya kwa 0.8 kama ni aina ya D, au kwa 0.6 kama ni aina ya AB, kisha gawanya kwa 13.5. Tuchukue mfano tutakaotembea nao hadi mwisho: Probox ya matangazo, amplifaya ya sabufa wati 1000 RMS aina ya D, na amplifaya ndogo ya spika za juu wati 300 RMS aina ya AB. Ya kwanza inakula ampea 93, ya pili 37. Jumla ampea 130 mziki ukiwa umefunguliwa wote.

Hiyo ni kilele, na muziki haukai kileleni muda wote. Kwa taarabu au bongofleva ya kawaida mimi huchukua theluthi ya hesabu. Kwa singeli, ambayo besi yake haipumui, nachukua nusu, yaani ampea 65. Mtu anayesema tu kwenye maiki anakula kidogo mno kuliko hapo. Kumbuka mambo mawili tofauti: waya na fyuzi hupangwa kwa kilele, 130, betri na altaneta hupangwa kwa wastani, 65.

Angalia pia omu, yaani ukinzani wa umeme, za sabufa kabla hujaziunga. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2, na amplifaya itavuta umeme mwingi zaidi. Ikiwa karatasi inasema mwisho wake ni omu 2, usishuke kwenda omu 1 kwa sababu rafiki yako amefanya hivyo.

Hatua ya 2: Jua altaneta yako inatoa nini gari likienda polepole

Hapa ndipo magari mengi ya matangazo yanapofia. Namba iliyo kwenye kibandiko cha altaneta, tuseme 80 A, hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Injini ikiwa imetulia, au gari likitambaa kilomita 10 kwa saa kutoka soko kuu kuelekea Chikongola na Magomeni, altaneta hiyo inatoa kama nusu, ampea 40 hivi. Gari lenyewe linahitaji kama 25 kwa pampu ya mafuta, plagi, feni na vitu vidogo. Ukiwasha AC zinaongezeka. Zinabaki 15 kwa ajili ya muziki unaotaka 65.

Ampea 50 zinazopungua zinatoka kwenye betri. Kwa betri ya N70, yaani ya ampea 70 za saa moja, ambayo si vizuri kuinyonya chini ya nusu, una ampea 35 za saa moja. Gawanya: dakika 42. Na kwa kuwa betri inayonyonywa kwa kasi hutoa pungufu ya kilichoandikwa, tarajia nusu saa na ushee kidogo. Ndiyo maana utasikia dereva analalamika kwamba muziki "ulikuwa mzuri asubuhi, mchana ukaanza kukata". Hakuna kilichoharibika mchana. Hesabu ilikuwa hivyo tangu alfajiri.

Mtu wa uwanda wa Makonde ananielewa mara moja nikimwambia kwamba betri ni mtungi na altaneta ndiyo bomba. Kule Newala ambako maji yamekuwa shida tangu enzi, kila nyumba inajua kuwa kununua mtungi wa pili hakuongezi maji yanayotoka bombani. Kunakupa pa kuhifadhi tu, na mtungi huo nao utataka kujazwa.

Kwa hiyo amua mapema gari lako ni la namna gani. Gari linalopiga muziki likitembea au likiwa limewashwa linahitaji altaneta kubwa zaidi, ya ampea 130 hadi 180, na hakikisha vishikio na puli vinafanana na ya zamani, la sivyo mkanda utateleza na kulia. Gari linalokwenda kusimama mahali na kupiga muziki injini ikiwa imezimwa linahitaji betri ya pili. Likifanya yote mawili, ni vyote viwili. Kama fedha haitoshi, punguza amplifaya. Nasema hivi kwa moyo mweupe: wati 500 zenye umeme wa kutosha zinapendeza masikioni kuliko 1000 zenye njaa, kwa sababu amplifaya ikikosa volti inaanza kukata vilele vya mawimbi, na sauti ya namna hiyo inaweza kuunguza koili za spika.

Neno kuhusu zile kapasita, vihifadhi umeme vya muda mfupi, za farad moja zenye taa za buluu. Kati ya volti 14 na 12, farad moja hutoa jouli 26. Amplifaya ya wati 1000 inazimaliza ndani ya sehemu 26 za elfu ya sekunde. Fedha hiyo nunulia waya.

Hatua ya 3: Chagua betri

Betri ya kawaida ya kuwashia gari imeundwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Ukiinyonya hadi chini kila wikendi, miezi michache inakufa. Kwa betri ya pili ya muziki, tafuta AGM, ambayo imefungwa, haimwagi asidi, na inavumilia zaidi kunyonywa. Ukiiweka ndani ya gari, nyuma ya viti, hakuna ruhusa ya kutumia betri ya maji: ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ndani ya gari lililofungwa vioo inataka cheche moja tu. Hata AGM ifunge kwa chuma na bolti, maana kilo 20 au 30 zikiruka wakati wa breki ya ghafla zinaua.

Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 zimeanza kuonekana, na ni nzuri kweli. Ya 100 Ah, yaani ampea 100 za saa moja, unaweza kutumia 80 bila kuiumiza, maana yake kwa wastani wetu wa ampea 65 unapata saa moja na robo injini ikiwa imezimwa, wakati AGM ya ukubwa huo inakupa dakika 45 ukiihurumia. Lakini usiiunge moja kwa moja na altaneta ndogo. Lithiamu hupokea kila ampea inayopewa, na altaneta iliyobanwa ifanye kazi kwa nguvu zake zote injini ikiwa imetulia, kwenye joto la Mtwara, inaungua. Kati yao weka chaja ya betri kwa betri (DC-DC) yenye kikomo, mfano ampea 30. Na usiiweke kwenye boneti karibu na injini.

Kutenganisha betri mbili, ili muziki usinyonye ile ya kuwashia gari, tumia rilei, yaani swichi ya umeme, inayosoma volti. Nyingi hufunga mzunguko volti zikifika 13.3 na kuufungua zikishuka 12.8. Mafundi wengine huweka solenoidi ya staa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Solenoidi ya staa imetengenezwa kukaa sekunde chache, ikikaa saa nzima inachemka.

Usiunge betri mpya na ya zamani sambamba bila kitenganishi. Ya zamani itainyonya mpya usiku kucha, na asubuhi utakuwa na betri mbili za zamani.

Hatua ya 4: Waya

Kutoka kwenye boneti ya Probox hadi buti, waya ukipita vizuri kando ya sakafu, ni kama mita 5. Volti zinazopotea njiani unazipata hivi: ampea mara mita mara 0.0175, kisha gawanya kwa milimita za mraba za shaba. Kwa ampea zetu 130:

waya wa mm² 16 unapoteza volti 0.71
waya wa mm² 25 unapoteza 0.46
waya wa mm² 35 unapoteza 0.33
waya wa mm² 50 unapoteza 0.23

Hiyo ni ya kwenda tu, bado kurudi kupitia bodi na viungo vyake. Mimi napenda jumla yote isizidi nusu volti, kwa hiyo kwa gari hili naweka mm² 50, au 35 mwenye gari akibanwa sana.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wanapoibiwa. Mwaka jana mteja aliniletea kebo nyekundu nene kama kidole gumba, imeandikwa 0 gauge, ukubwa ambao kwa haki yake ni mm² 53. Nilikata ncha yake kwa kisu. Plastiki ilikuwa nene karibu milimita 3 pande zote, na ndani yake nyuzi zenyewe zilikaa kama penseli iliyolegea. Nikachukua uzi mmoja, nikaukwangua kwa wembe: rangi ya shaba ikatoka kama ngozi ya kitunguu, ndani ni nyeupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo hupitisha kama theluthi mbili tu ya shaba halisi ya unene huohuo, na kwenye viungo aluminiamu hulegea na kuota kutu nyeupe. Kwa hiyo dukani omba kukwangua uzi mmoja kabla ya kulipa, na pima waya mkononi: shaba ni nzito mara tatu ya aluminiamu. Kebo halisi ya mashine ya kuchomelea, ile laini yenye nyuzi nyingi, ni shaba na inafaa sana. Tafuta iliyoandikwa mm² ubavuni.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Gari linalolala Mikindani au Shangani linapigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Ukipata waya wa shaba uliopakwa bati, lipa hiyo tofauti.

Lagi za kwenye ncha, vile vichwa vya chuma vya kufungia waya, zibanwe kwa koleo maalumu la kubania lagi, lile refu la mikono miwili. Ukigonga kwa nyundo, nyuzi za katikati hubaki na nafasi, hewa ya chumvi inaingia, na baada ya miezi sita kiungo kinapika. Juu yake vuta mpira unaosinyaa kwa moto.

Waya unapovuka ukuta wa injini kuingia ndani, tundu lazima liwe na mpira. Nilishawahi kuitwa kwenye gari lililosimama kabla ya njiapanda ya Mingoyo likitokea Lindi, moshi unatoka chini ya dashibodi. Fundi aliyelifunga alipitisha waya kwenye tundu tupu la bati, na hakuweka fyuzi. Mtikisiko wa barabara ulikata plastiki taratibu, shaba ikagusa bodi, na betri ikamwaga mamia ya ampea pale pale. Abiria walitoka salama. Zulia, waya wa dashibodi na redio vilikwisha.

Waya wa sauti kutoka redioni uupitishe upande mwingine wa gari, mbali na huu wa umeme. Ukivilaza pamoja unaweza kusikia mluzi unaopanda na kushuka na injini.

Hatua ya 5: Fyuzi

Fyuzi kuu inalinda waya, amplifaya ina zake. Kwa hiyo inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye taminali. Mimi huiweka ndani ya 20. Kila kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kwa shaba ya mm² 25 siweki zaidi ya ampea 150, kwa 35 siweki zaidi ya 200, kwa 50 siweki zaidi ya 250. Probox yetu yenye kilele cha 130 na waya wa 50 inapata fyuzi ya 150. Ukiwa na betri mbili, waya unaoziunganisha unataka fyuzi pande zote mbili, kwa sababu umeme unaweza kuja kutoka upande wowote.

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Msumari au waya uliosokotwa mahali pa fyuzi siuachi kwenye gari lolote linaloingia hapa, hata kama mwenyewe amekuja kwa kazi nyingine.

Hatua ya 6: Ethi na nyaya za injini

Waya wa ethi, yaani wa hasi unaofungwa kwenye bodi, uwe mnene sawa na ule mwekundu na mfupi iwezekanavyo, chini ya nusu mita. Chagua chuma cha bodi chenyewe, usitumie bolti ya kiti wala ya mkanda. Kwangua rangi kwa msasa hadi bati ling'ae, funga kwa bolti yenye washa ya meno, kisha pakaa grisi juu ya kiungo chote ili chumvi isiingie. Kukwangua kwanza, grisi baadaye. Nimeona waliofanya kinyume.

Kisha rudi mbele. Gari lilitoka kiwandani na nyaya nyembamba za kazi nyembamba. Badilisha tatu: kutoka altaneta kwenda chanya ya betri, na huo uwe na fyuzi yake, kutoka hasi ya betri kwenda bodi, na kutoka injini kwenda bodi. Kazi hii ni ya saa moja, na kwenye magari mengi ndiyo huonyesha tofauti kubwa kwa fedha kidogo. Kwenye magari mapya, kama taminali ya hasi ina kisanduku kidogo chenye nyaya nyembamba, hicho hupima umeme wa betri. Ethi za muziki zifunge kwenye bodi na usizifunge juu ya taminali, la sivyo kompyuta ya gari itahesabu vibaya na kuchaji vibaya.

Wakati wa kazi yote hii, toa hasi kwanza, irudishe mwisho. Vua pete na saa ya chuma.

Hatua ya 7: Pima muziki ukiwa unapiga

Kazi haijaisha sauti ikitoka. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.7; 12.2 ni nusu. Injini ikiwaka bila muziki, 13.8 hadi 14.4. Sasa fungua singeli kwa sauti utakayotumia kazini, taa zikiwa zimewashwa, injini imetulia. Betri ikishuka chini ya 13, altaneta inalemewa. Ikishuka chini ya 12.6, unakula akiba.

Halafu kipimo ambacho wachache hukifanya. Refusha waya mmoja wa mita yako ya kupimia volti. Ncha nyekundu iguse chanya ya betri mbele, nyeusi iguse chanya ya amplifaya nyuma, muziki ukipiga. Kinachoonekana ndizo volti zinazopotea njiani. Kwa hesabu yetu, besi ikigonga, nategemea 0.2 hadi 0.3. Nikiona 0.8, kuna kiungo kibovu, nami nashika kimoja kimoja kwa mkono: chenye moto ndicho. Rudia kwa hasi na hasi. Mara nyingi tatizo liko huko, kwenye ethi, wakati mwenye gari anataka kununua betri nyingine.

Kwa gari linalolala karibu na bahari, fungua boneti mara moja kwa mwezi. Unga wa kijani au mweupe kwenye taminali uoshe kwa magadi soda na maji ya moto, kausha, kaza kwa spana namba 10, pakaa grisi. Ndani ya gari weka spana hiyo, mita ndogo, na fyuzi mbili za akiba za 150, ili ukikatikiwa Nanyamba saa mbili usiku bibi harusi yuko nyuma, usilazimike kusokota waya.